Maswali ya Wasomaji: Moshi wa Risasi Utokee Wapi?

Tangu tulipochapisha makala kuhusu ufundi wa nyavu, tumepokea barua nyingi kutoka kandokando ya Ziwa Victoria na hata kutoka Nakuru, na karibu zote zinauliza jambo moja: yule anayeyeyusha risasi nyumbani kwake aipitishe wapi hewa? Tumechagua barua sita. Kabla ya kuzijibu, ni vyema ieleweke kwamba risasi tunayoizungumzia hapa ni ule metali mzito wa kijivu ambao wavuvi huumimina kuwa chubwi, yaani vizito vya kuzamishia nyavu. Risasi za bunduki ni jambo jingine kabisa, na humu nchini Kenya kuzitengeneza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Huko Marekani wako watu wengi wanaojimiminia risasi za bunduki katika karakana za nyumbani, na mengi yanayojulikana kuhusu hewa ya karakana ndogo kama hizo yametokana na uzoefu wao pamoja na sheria za viwanda vya huko. Metali ni uleule, na mapafu ya mvuvi wa Dunga hayana tofauti na yao.

*Mhariri, mimi ni mvuvi na fundi wa nyavu hapa Dunga, Kisumu. Kwa miaka sita nimekuwa nikimimina chubwi katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Kibanda kina upana wa mita mbili na urefu wa mita tatu, mlango mmoja na dirisha dogo kando ya mlango huo. Natumia jiko la makaa na sufuria kuukuu ya jikoni. Siku ya kazi, ikifika jioni kichwa huniuma na mdomoni huwa na ladha kama ya sarafu. Nilinunua feni ya mezani nikaiweka nyuma yangu ili ipeperushe moshi, lakini mke wangu anasema harufu sasa inamfikia jikoni. Je, nitoboe ukuta, niongeze feni, au nifanyeje? — Fundi wa Nyavu, Dunga*

Ndugu Fundi, jambo la kwanza ni kusimamisha kazi hiyo mpaka hewa irekebishwe, na la pili ni kwenda hospitalini ukamwambie daktari waziwazi kwamba unataka damu yako ipimwe kiasi cha risasi, kwa sababu kipimo hicho hakimo katika vipimo vya kawaida na daktari asiyejua kazi yako hatakifikiria. Ladha uliyoieleza hatuwezi kuipuuza. Maumivu ya kichwa yanaweza kuwa na chanzo kingine ndani ya kibanda hichohicho: makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo umekuwa ukivuta sumu mbili kwa mpigo, na hewa utakayoitengenezea njia sharti iziondoe zote mbili.

Sasa tuangalie risasi yenyewe inavyoingia hewani, maana wengi wanadhani inapoyeyuka tu inaanza kufuka kama maji ya chai. Haiwi hivyo. Risasi huyeyuka ikifika nyuzijoto 327 za Selsiasi, na ukiimimina kati ya nyuzi 350 na 400, mvuke unaotoka ni mdogo sana. Ikipita nyuzi 500, mvuke huongezeka kwa kasi, hupoa ukiwa hewani na kugeuka chembe ndogo mno ambazo macho hayazioni na ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Jiko la makaa, hasa likipepewa, huvuka kiwango hicho bila mtu kujua. Ukitazama chombo chako kivulini ukaona kitako chake kimeanza kuona haya, yaani kimepata wekundu hafifu uliofifia, fahamu kwamba umekwisha kupita nyuzi 500. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza katika kusafisha hewa ya kibanda chako ni kipimajoto cha metali, kile cha mshale chenye mguu mrefu wa chuma. Joto likidhibitiwa, sehemu kubwa ya mvuke haitokei kabisa, na feni nayo haina haja ya kufukuza kitu ambacho hakijazaliwa.

Lakini mvuke si adui peke yake, na kwa maoni yangu si adui mkubwa zaidi kwa mtu wa hali yako. Juu ya risasi iliyoyeyuka hujitanda ngozi ya kijivu ambayo, ikikaa motoni, hugeuka unga wenye umanjano. Ule unga ni risasi iliyoungana na oksijeni. Wengi huukwangua kwa upawa na kuubwaga kwenye debe lililo wazi pembeni, na hapo ndipo unapoinuka. Nilipata kumtembelea fundi mmoja ambaye kibanda chake kilikuwa na tundu la msumari kwenye bati, na mshale wa jua ulikuwa ukipita juu ya debe lake. Kila alipobwaga upawa mmoja, ule mshale ulijaa vumbi linalometameta kwa muda mrefu, na yeye, akiinama kuchota tena, alipitisha uso wake katikati yake. Alikuwa na dirisha kubwa, na alikuwa amelifungua. Dirisha halikumsaidia, kwa sababu hewa iliyoingia dirishani haikuwa na sababu yoyote ya kupita pale penye debe.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu feni ya mezani. Feni inayokupulizia mgongoni hufanya mambo mawili mabaya. Kwanza, hewa inayokuzunguka mwili kutoka nyuma hufanya mzunguko mbele ya kifua chako, kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe, na mzunguko huo huuinua moshi wa sufuria na kuuleta puani. Pili, hupeperusha ule unga wa kijivu ukatua kwenye rafu, kwenye shati lako, na, kama mkeo alivyogundua, kwenye jiko lake. Iondoe feni hiyo kibandani leo. Kupuliza hakufai kitu. Kinachofaa ni kuvuta, na kuvuta kwenyewe kuwe karibu kabisa na sufuria.

Nasisitiza ukaribu kwa sababu nguvu ya kuvuta hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani. Chukua bomba lenye kipenyo cha sentimita 15 linalovuta hewa: ukisogea sentimita 15 kutoka mdomoni mwake, kasi ya hewa inayobaki ni takriban sehemu moja tu ya kumi. Ndiyo maana feni ya ukutani iliyo mita mbili kutoka jikoni, hata ikivuma kwa kelele nyingi, haiugusi moshi wa sufuria. Dawa yake ni kuifungia sufuria ndani ya sanduku. Nenda kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye wakukunjie sanduku la bati lenye pande tatu na kifuniko, lililo wazi upande wa mbele pekee, na juu yake wafunge bomba la sentimita 15 linalotoka nje. Jiko na sufuria vikae ndani, pamoja na lile debe la takataka za risasi, maana debe likibaki nje ya sanduku umefanya nusu ya kazi. Kalibu unaweza kuiweka kwenye ukingo wa mbele.

Hesabu yake si ngumu. Uwazi wa mbele ukiwa na upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40, eneo lake ni mita za mraba 0.24. Hewa inayoingia kwenye uwazi huo inapaswa kwenda kwa kasi ya angalau nusu mita kwa sekunde ili moshi usiweze kurudi nyuma. Zidisha, utapata mita za ujazo 0.12 kwa sekunde, ambazo ni 432 kwa saa. Kiwango kinachoandikwa kwenye kasha la feni hupimwa feni ikiwa haijafungwa kwenye bomba lolote, na kila kona ya bomba hula sehemu yake, kwa hiyo tafuta feni ya kufungwa ndani ya bomba iliyoandikwa 600 au zaidi, na ulifanye bomba liwe fupi lenye kona moja au mbili tu. Motori isikae juu moja kwa moja mahali ambapo joto la makaa litaiunguza. Ukiamua badala yake kutundika kofia ya bati iliyo wazi pande zote nne, kama zile za mahoteli, ujue kwamba itahitaji hewa mara kadhaa zaidi ya hiyo na bado upepo mdogo wa mlangoni utauyumbisha moshi. Mimi singeichagua.

Kisha kuna jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu: feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia. Ukifunga mlango na dirisha, feni itanguruma lakini itakuwa inanyonya utupu, na gesi ya makaa itabaki humo humo nawe. Hewa iingie nyuma yako au ubavuni mwako, polepole, kupitia uwazi mkubwa kuliko bomba la kutolea, ipite kwenye sufuria, halafu itoke. Kibanda chako kina mlango na dirisha kwenye ukuta mmoja, kwa hiyo sanduku liwe kwenye ukuta wa mkabala. Ukiliweka karibu na dirisha, hewa itaingia dirishani na kukimbilia bombani kwa njia ya mkato, na upande uliosimama wewe hewa italala.

Kwa wewe wa Dunga, upepo una ratiba. Karibu na adhuhuri hewa ya ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kushika kasi alasiri, na usiku hadi asubuhi mapema hugeuka ikateremka kuelekea ziwani. Ukimimina saa tisa alasiri huku mdomo wa bomba ukielekea ziwani, upepo utaurudisha moshi wote ndani. Bomba lipande wima, lizidi kilele cha paa, na liwe na kikofia cha kuzuia mvua. Chunguza pia ni nyumba ya nani iliyo upande unakoelekea upepo saa unazofanya kazi.

Usisahau paa. Kisumu tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na kinachotoka bombani hutua kwanza juu ya bati lililo karibu. Risasi iliyotua juu ya bati husubiri mvua, huteremka na gata, na kuingia kwenye tangi ambalo watoto wanachota maji ya kunywa. Kama kibanda chako kinaelekezea tangi, kata gata hiyo, na kama paa la nyumba kubwa liko upande unakoelekea upepo, hamisha kibanda au hamisha tangi.

Ukishafunga kila kitu, usianze kuyeyusha. Washa jiko peke yake, kisha chukua kijiti cha ubani au ile dawa ya mbu ya kuzungusha, usimame mahali pako pa kawaida, ukipitishe kijiti polepole kwenye kingo zote nne za uwazi wa sanduku. Moshi wake uingie ndani wote bila kusita. Kona yoyote ambapo moshi unasimama, unajikunja, au unatoka nje kukujia, hapo ndipo utakapovutia sumu. Rudia jaribio hilo mlango ukiwa wazi, ukiwa nusu, na siku yenye upepo mkali. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ondoa sufuria motoni na utoke nje.

Kuhusu sufuria, nakuomba uiache. Sufuria zetu za jikoni ni za alumini, ambayo huanza kupoteza nguvu zake katika joto hilihili la kuyeyushia risasi, na kitako kikilegea kilo kumi za risasi ya moto zitamwagika miguuni mwako. Tumia chombo cha chuma kinene, na kamwe kisiwe ndoo ya mabati, kwani zinki yake ina moshi wake wa kuleta homa. Kuwa mwangalifu pia na maji. Tone moja la mvua linalovuja kutoka kwenye bati, au la jasho kutoka kwenye paji la uso wako, likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi hadi darini. Mvua zetu za alasiri haziji kwa hodi, kwa hiyo kagua kila tundu la msumari, na vipande vikuukuu vya risasi vikauke kabisa juani kabla ya kuvitia.

Kama unamimina kilo chache tu kwa mwezi, gharama hii yote huenda isiwe na maana. Mimi ningetoka kabisa kibandani, nikafanya kazi chini ya paa lisilo na kuta, mbali na nyumba na bustani, nikisimama upepo ukinipita ubavuni badala ya mgongoni, na nikiwa nimevaa kinyago cha mpira chenye vichujio vya daraja la P100 au P3 kinachobana uso vizuri. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii chembe hizi, na kinyago chochote juu ya ndevu huvuja.

*Mhariri, mume wangu humimina chubwi uani hapa Mbita, chini ya mwembe, kwa hiyo hewa ipo ya kutosha. Akimaliza hunawa mikono ndipo ale. Tuna mtoto wa miaka miwili anayependa kula udongo, kuku, na mimi ni mjamzito. Je, hewa ya uani inatosha kutulinda? — Mama Mtoto, Mbita*

Mama, hapana, haitoshi, na nashukuru kwamba umeuliza mapema. Upepo wa uani humsaidia mumeo asivute mvuke, lakini hauiondoi risasi duniani. Huitoa puani mwake na kuilaza chini ya mwembe, nayo haiozi wala haisombwi upesi na mvua, bali hubaki katika udongo wa juu kwa miaka mingi. Mtoto anayechezea hapo hutia vidole mdomoni mara nyingi kwa siku, na tumbo la mtoto mdogo huweza kufyonza hadi nusu ya risasi aliyoimeza, ilhali la mtu mzima aliyekula hufyonza takriban sehemu moja ya kumi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na tangu mwaka 2021 linaelekeza kwamba mtu yeyote akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dalili hazihitaji kuonekana. Mtoto anaweza kuwa mchangamfu kabisa huku uwezo wake wa kujifunza ukipunguzwa kidogo kidogo.

Kwa upande wako, risasi hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Zaidi ya hayo, risasi iliyoingia mwilini miaka iliyopita hujificha mifupani kwa miongo, na wakati wa ujauzito mwili unapochota kalisi kutoka kwenye mifupa, huchota na risasi hiyo. Nenda kliniki ukaeleze kazi ya mumeo, nawe upimwe pamoja na mtoto. Damu ya mtoto itolewe kwenye mshipa ikiwezekana, kwa sababu ikitolewa kwenye kidole, vumbi la kwenye ngozi linaweza kuharibu kipimo.

Nyumbani, mwambie baba kwa upole lakini bila kulegea kwamba kazi hiyo ihame uani, na mahali pale chini ya mwembe pafunikwe kwa saruji, au kwa udongo mpya mzito na nyasi. Pasifagiliwe kwa ufagio mkavu hata siku moja. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia nyumbani, zisikung'utwe, na zifuliwe katika beseni lake zenyewe. Viatu vibaki nje. Kunawa ni kuzuri, lakini anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko, asugue chini ya kucha, aoshe uso pia, kabla ya kumbeba mtoto na si kabla ya kula tu. Sufuria, upawa au kikombe kilichowahi kutumika kwa risasi kisirudi jikoni. Na hao kuku, wakichakura pale, mayai yao hubeba risasi, kwa hiyo wafungieni upande mwingine na mayai ya sasa msimpe mtoto.

*Mhariri, sisi mafundi tunajua kwamba ukinywa maziwa pakiti moja baada ya kazi ya moshi, sumu yote inasafishwa. Mbona magazeti hayasemi? — Msomaji, Kakamega*

Ndugu yetu, hatusemi kwa sababu si kweli, ingawa tunafahamu imani hiyo imeenea kuanzia kwa wachomeleaji hadi kwa wapaka rangi. Chembe uliyoivuta iko mapafuni na kutoka hapo huingia katika damu moja kwa moja, wala maziwa hayapiti njia hiyo. Iliyomo ndani ya imani hiyo ni chembe ndogo ya ukweli: mwili wenye kalisi na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi kutoka tumboni, na tumbo tupu hufyonza nyingi zaidi. Basi kula kabla ya kuanza kazi. Omena, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, watakupa kalisi na chuma kwa bei nafuu kuliko dawa yoyote. Lakini usiweke pakiti ya maziwa kwenye rafu ya karakana ukainywa kwa mikono iliyotoka kushika risasi, maana hapo utakuwa unaimeza.

*Mhariri, hapa Nakuru asubuhi huwa na baridi kali. Mimi hutia lehemu kwenye rejeta za magari katika chumba kilichofungwa, na huwa naingiza jiko la makaa ili kupata joto. Moshi wa lehemu hunichoma macho. Ni ile risasi? — Fundi Rejeta, Nakuru*

Bwana Fundi, moshi unaouona na unaokuchoma macho ni wa ile dawa ya kusafishia inayotiwa kabla ya lehemu. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 183, mbali sana na joto la kuifanya risasi ifuke, isipokuwa unapotumia mwali wa gesi na kuusahau mahali pamoja. Hata hivyo moshi huo huharibu mapafu na huweza kuleta pumu, kwa hiyo uvute kwa bomba dogo lililo karibu na kazi, kama tulivyomweleza ndugu yetu wa Dunga. Risasi yako hasa iko kwenye brashi ya waya. Unaposugua lehemu kuukuu ikiwa kavu, ule unga mweusi unaobaki kwenye meza na kwenye mkono wa sweta ndio sumu yenyewe. Lowesha kwanza, ndipo usugue, kisha upanguse kwa kitambaa kibichi.

Jiko, tafadhali litoe nje leo. Katika chumba kilichofungwa, makaa yanaweza kukuua kabla risasi haijapata muda wa kukudhuru. Vaa koti.

*Mhariri, hapa Bungoma betri kuukuu za magari zinapatikana kwa bei ya chini na zina risasi nyingi. Nikitengeneza dohani ndefu ya kutosha, naweza kuzipasua na kuziyeyusha nyumbani? — Kijana Mjasiriamali, Bungoma*

Kijana wetu, hapana, na hakuna urefu wa dohani utakaobadilisha jibu hilo. Kile kilicho ndani ya betri si risasi tupu kama ya bomba kuukuu. Bamba zake zimejaa unga wa risasi iliyoungana na salfeti na oksijeni, umelowa asidi, na kuurudisha kuwa metali huhitaji joto kubwa zaidi na tanuri lenye vichujio. Ndani yake mna pia antimoni, pengine na aseniki, na takataka zake zikipata maji baada ya kuyeyushwa zinaweza kutoa gesi zinazoua. Dohani ndefu itauondoa moshi huo kwako na kuueneza kwa majirani.

Nchi yetu imekwisha kulipia somo hili. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa bega kwa bega na nyumba za watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi humo na ambaye mwanawe mchanga aliugua kwa risasi, aliongoza wakazi kudai haki na akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watu walipokuwa wakipepeta udongo wenye mabaki ya betri ili kupata risasi, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008. Hawakuwa kiwandani; walikuwa nyumbani, uani kwao. Betri kuukuu izuie isipasuke, isimame wima, na umuuzie mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

*Mhariri, nikiacha risasi na kutumia vipande vya chuma kwenye nyavu za ngege, wavu hautaelea? Wazee wanasema chuma ni chepesi. — Mvuvi, Port Victoria*

Mzee wangu, wazee wanasema kweli lakini tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana mkononi. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, na ya chuma ina gramu 7.9, kwa hiyo kwa uzito uleule kipande cha chuma kitakuwa kikubwa karibu mara moja na nusu. Majini, kila kitu hupunguziwa uzito wa maji kinayoyasukuma: kilo moja ya risasi huvuta chini kama gramu 912, na kilo moja ya chuma kama gramu 873. Ukiongeza gramu 45 kwa kila kilo, wavu hautajua tofauti. Kata nondo nyembamba au tumia nati kuukuu, uzifungie vizuri zisikate kamba, na uzipake lami ili kutu isile uzi upesi. Nati za ukubwa mmoja zina faida nyingine: tundu lake liko tayari, hupitisha kamba bila jiko, bila kalibu, na unaweza kuzifunga ukiwa umekaa na wajukuu.